Nishani ya Mfalme na Askari Aliyeachwa Nje

Wengi wetu hapa Birmingham tunapita Handsworth kila wiki bila kukumbuka kwamba hapo ndipo palipokuwa kiwanda cha Soho cha Matthew Boulton. Sisi wahandisi tunamheshimu, maana alipiga sarafu kwa nguvu za injini ya mvuke. Leo tunaitazama nishani moja ya kiwanda hicho ya mwaka 1800, kazi ya mchongaji Küchler.

Tarehe 15 Mei mwaka huo, katika jumba la michezo ya kuigiza la Drury Lane, London, James Hadfield alimfyatulia bastola Mfalme George III, akamkosa. Hadfield alikuwa askari wa mfalme huyohuyo, na alikatwakatwa kichwani kwa panga vitani mwaka 1794. Tangu hapo akili haikumrudia. Aliamini kwamba serikali ikimuua, Yesu atarudi. Mahakama ilimwachilia hatia kwa sababu ya wazimu, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kuwafungia watu wa namna yake. Alifia hospitali ya Bethlem mwaka 1841.

Kiufundi, nishani hiyo haina kasoro. Uso wa mfalme umechongwa kwa mkono wa bingwa. Kasoro iko kwenye kumbukumbu yenyewe: inashukuru kuokoka kwa mfalme, lakini kichwa kilichopasuliwa kwa ajili yake hakimo.

Tulinganishe na kwetu. Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba habari za Kijiti, aliyemuua mwanamke akakimbilia bara, huku adhabu ikiwaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Fedheha ileile ya mjini, ila wimbo ulisimama upande wa walioumizwa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kumbukumbu iliyo kamili.

Lakini tusijisifu mno. Sisi tulio ughaibuni nasi tuna nishani zetu: picha za mahafali na za harusi ukutani. Yule ndugu aliyechanganyikiwa kwa upweke na baridi ya huku tunasema tu "amepotea," na picha yake tunaigeuza. Aliyeugua akili ni wetu. Tumrudishe ukutani, kisha twende tukamjulie hali.