Kabla ya Kulipa: Jinsi Impreza ya Turbo Ilivyokaguliwa Voi

Anayeuza gari la turbo lenye kasoro ana msaidizi mmoja mkubwa, nao ni moto wa injini. Akiliwasha nusu saa kabla mnunuzi hajafika, pistoni iliyolegea ndani ya silinda hutanuka, mlio wake wa kugonga hupotea, na moshi wa kwanza wa asubuhi huwa umeshapeperuka. Ndiyo maana fundi aliyeitwa kukagua Subaru Impreza moja mjini Voi alimpigia mwenye gari simu usiku wa kuamkia siku ya ukaguzi akamwomba jambo moja tu: "Bwana, usiliwashe mpaka tufike." Tulipofika, jua ndiyo kwanza linachomoza, alifungua boneti akaweka kiganja juu ya injini, kisha juu ya turbo. Vyote vilikuwa baridi. Kazi ikaanza.

Nimeamua kuueleza ukaguzi huo kwa kirefu kwa sababu vijana wengi wa Taita Taveta hununua magari haya kwa kutazama rangi ya buluu na rimu za dhahabu, na kwa kusikiliza mngurumo wa eksozi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosema injini imebakiza maisha kiasi gani.

Gari lenyewe lilikuwa WRX STI ya mwaka 2006, aina ambayo namba ya fremu yake huanza kwa GDB. Injini ni EJ20 yenye turbo, ujazo wa sisi 1,994, na giaboksi ya gia 6. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Impreza za rika hilo hazishuki tena bandarini Mombasa. Zilizopo zimeshapita mikononi mwa Wakenya kadhaa, na kila mmoja aliongeza au kupunguza kitu. Wauzaji bado hupenda kuonyesha karatasi ya mnada wa Japani yenye alama 4 au 4.5. Karatasi hiyo inaeleza hali ya gari siku lilipouzwa huko. Haisemi lolote kuhusu miaka lililoishi hapa, na hiyo ndiyo miaka iliyolichosha.

Sifa ya Impreza hapa kwetu ilijengwa na Safari Rally. Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994, Colin McRae akashinda 1997, Richard Burns akashinda 2000, wote wakiendesha Impreza. Mnunuzi akumbuke tu kwamba magari yale yalifuatwa na timu nzima ya mafundi, yakibadilishiwa vipuri njiani, na baada ya mashindano yakafunguliwa na kuundwa upya. Gari la mtaani lenye jina hilohilo hubadilishiwa oili pale mwenyewe anapopata pesa.

Karatasi hazikuchukua muda. Taarifa za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilionyesha jina la mwenye gari, na kwamba halidaiwi mkopo. Namba ya fremu iliyogongwa kwenye chuma ililingana na ya logibuku. Fundi hakuishia hapo. Aliinama na tochi akatafuta namba ya injini, pale injini inapoungana na giaboksi. Hatua hii wengi huiruka, na kwa Subaru ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu injini za turbo zikifa hubadilishwa kwa injini za mitumba na logibuku hubaki na namba ya zamani. Hapa namba ililingana, maana yake tulikuwa tunaangalia injini iliyokuja na gari.

Kwenye bodi, kifaa cha kupima unene wa rangi kilisoma maikroni 110 hadi 140 karibu kila mahali, vipimo vya kawaida vya rangi ya kiwandani. Bawa la nyuma la kulia likasoma zaidi ya 600. Hapo kuna pati chini ya rangi. Zulia la buti na tairi la akiba vilitolewa ili sakafu ionekane: ilikuwa imenyooka na sili ya kiwandani haijakatika. Gari lilipigwa ubavuni, mifupa yake haikuguswa. Mimi gari la namna hiyo silikatai, bora bei ikubali kwamba liligongwa. Chini kulikuwa na kutu kidogo kwenye mikono ya sasipensheni, alama ya gari lililowahi kuishi karibu na chumvi ya bahari. Voi iko kama kilomita 160 tu kutoka Mombasa, na magari mengi yanayouzwa hapa yalianzia maisha yao huko.

Jambo ambalo mkaguzi wa Nairobi huenda asilipe uzito ni vumbi. Udongo wa Voi ni mwekundu na laini kama unga. Ndio unaowapaka rangi tembo wa Tsavo. Ukiuona kwenye bawaba za milango usishtuke, kila gari la hapa linao. Swali ni kama umevuka filta ya hewa. Gari hili lilikuwa limeondolewa sanduku la filta la kiwandani na kufungwa filta ya wazi yenye umbo la pia, ile inayofanya turbo isikike ikivuta pumzi. Fundi alilegeza klampu, akatoa bomba la mpira linalotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo, akapitisha kitambaa cheupe ndani. Kilitoka na tabaka jembamba la wekundu.

Wekundu huo ni mchanga. Mapanga ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kila chembe inayoyagonga kwa kasi hiyo huyala kingo. Inayopita hapo huingia kwenye silinda na kusaga ringi na kuta zake. Kwa tochi tuliona kingo za mapanga zimeanza kupoteza ukali wake. Fundi alishika ncha ya shafti akaisukuma: upande kwa upande ilicheza kidogo, jambo la kawaida kwa kuwa shafti huelea juu ya oili, mbele na nyuma haikucheza kabisa. Turbo ilikuwa bado hai. Ingecheza mbele na nyuma, tungeihesabu imekufa.

Kisha oili. Kijiti kilionyesha imepungua karibu lita nzima. Injini hii hubeba lita nne na ushee, kwa hiyo kupungua kiasi hicho si jambo dogo, hasa kwenye kona kali ambako oili hukimbilia upande mmoja na pampu kuvuta hewa. Beringi za konrodi za EJ20 hufa hivyo. Fundi alimuuliza mwenye gari huongeza oili mara ngapi. "Mara mojamoja," akajibu. Jibu la namna hiyo lina ushahidi ndani yake: gari hili linakula oili, na mwenyewe anajua.

Lilipowashwa, kulisikika mlio mwepesi wa kugonga upande wa kushoto, kama sekunde 40, ukaisha. Kama lingekuwa limepashwa moto kabla hatujafika, tusingeusikia.

Nenda ukajaribu gari kwenye tambarare pale mjini Voi na kila turbo itakufurahisha. Tulichukua barabara ya Mwatate, tukapita kando ya mashamba ya mkonge, kisha tukaanza kupanda kuelekea Wundanyi. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, Wundanyi ni zaidi ya mita 1,300, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupandwa kwa kona za mfululizo ndani ya kilomita chache. Sijui mahali pengine hapa kwetu panapoweza kukagua injini kwa haki zaidi. Fundi alishika gia ya tatu, akaacha turbo ivute kwa mzigo, jicho kwenye kipimo cha joto. Kipimo hakikupanda. Klachi haikuteleza. Juu kabisa alizima injini, akangoja dakika chache joto lililobaki liingie kwenye maji, akafungua boneti na kutazama chupa ya akiba ya rejeta. Hakukuwa na povu wala maji kumwagika. Hedi gaskiti ilikuwa salama, na hofu ambayo watu wengi huihusisha na Subaru ikaondoka mezani.

Kushuka ndiko kulikotoa habari. Fundi aliondoa mguu kwenye mafuta, akaacha gia ya tatu ishike gari kwa muda mrefu, kisha akakanyaga. Mimi nilikuwa gari la nyuma. Wingu la buluu lilitoka kwenye eksozi, likakatika, na kwenye mteremko uliofuata likatoka tena. Injini inapozuia gari mteremkoni huvuta kwa nguvu hewa isiyopatikana, na mvuto huo hunyonya oili kupitia ringi zilizochoka au sili za vali. Moshi mweupe wenye harufu tamu ungekuwa maji. Mweusi ungekuwa petroli nyingi. Buluu ni oili. Tatizo lilikuwa sasa na rangi, halikuwa bado na mahali.

Tuliporudi Voi, injini ikiwa bado na moto, fundi alifungua plagi zote 4. Kwenye injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavu, kazi hii inakera, maana mkono hupita kwa shida kati ya injini na chasi, na ndiyo sababu mafundi wavivu huikwepa. Mafuta yalikanyagwa hadi mwisho, sitata ikazungushwa. Kompresheni ilisoma paundi 150, 148, 150, na silinda ya nne 122.

Namba hizi zisomwe kwa akili. Kompresheni hutegemea hewa ya mahali. Nairobi iko juu kiasi kwamba hewa yake ni nyepesi, na silinda inayosoma 150 hapa Voi ingesoma karibu 130 kule bila kuwa na kasoro yoyote. Mtu akikuletea karatasi ya vipimo vya Nairobi, usiitupe kwa kuwa namba ni ndogo. Tazama silinda zinavyopishana zenyewe kwa zenyewe. Tatu zikikubaliana na moja ikabaki nyuma kwa paundi 28, hiyo moja ni mgonjwa popote utakapoipima.

Kwenye injini zilizosimama, fundi humwaga oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena. Namba ikipanda, hulaumu ringi. Kwa silinda iliyolala, oili hutuama upande wa chini tu, na kipimo hicho hudanganya. Fundi wetu alifanya lililo bora. Alipeleka pistoni ya nne mwisho wa safari yake, vali zote zikiwa zimefungwa, akaazima kompresa ya mziba pancha jirani, akasukuma hewa kupitia tundu la plagi. Kisha tukasikiliza. Kwenye eksozi kimya. Kwenye mdomo wa hewa kimya. Rejeta haikutoa mapovu. Tulipofungua kifuniko cha oili, sauti ya hewa ikatoka wazi, shhh, bila kukatika. Hewa ilikuwa inapita pembeni ya pistoni.

Je, ni vumbi? Mimi nasema hapana, si peke yake. Vumbi huingia silinda zote nne na lingezichosha kwa kulingana. Silinda moja ikianguka peke yake, na ikiwa ni ya nne, ambayo kwa injini za EJ zenye turbo inajulikana kwa udhaifu, mshukiwa ni pistoni iliyomeguka mahali ringi inapokaa. Humegwa na petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. STI za Japani zilitengenezwa kwa petroli ya huko ya daraja la juu, yenye oktani karibu 100, ilhali super ya kawaida ya Kenya huanzia 93. Kompyuta ya gari hujitahidi kufidia. Lakini mtu akiichezea ili turbo isukume zaidi, kisha akapanda milima hii kwenye joto la Voi, ule uvumilivu wa injini huisha. Mwenye gari alipoulizwa alikiri kuwa kompyuta ilikuwa imebadilishwa kabla hajauziwa gari. Nani aliibadilisha, na kwa petroli gani, hakujua.

Matairi nayataja kwa ufupi ingawa yanaua giaboksi. Subaru inataka mizunguko ya matairi yote 4 isipishane zaidi ya milimita 6 hivi, kwa sababu difu ya kati huunganisha mbele na nyuma. Hapa mawili yalikuwa mapya na mawili yamekwisha. Mnunuzi aingize bei ya seti nzima kwenye hesabu yake.

Hukumu ya fundi ilikuwa fupi: bodi inafaa, turbo inafaa kwa sasa, giaboksi nzuri, injini lazima ifunguliwe. Naafikiana naye. Mnunuzi, kijana wa Mwatate, alitoa bei iliyopunguzwa gharama ya kufungua injini na kuweka pistoni mpya. Mwenye gari akakataa, wakaagana vizuri. Kwa bei iliyokuwa ikitakiwa, gari lile halikufaa kununuliwa.

Wewe unayetafuta gari la namna hii, usitoe hata amana kabla hujalikuta baridi, hujalipandisha Wundanyi na kulishusha, na kompresheni ya silinda zote 4 haijaandikwa kwenye karatasi mbele yako. Mwenye gari akikataa plagi zifunguliwe, tafuta gari jingine.