Pongezi kwa Mafundi wa Vioo vya Umeme wa Themi

Anayeendesha Toyota ya zamani Arusha anaijua adha ya kioo kilichogoma chini huku mvua ya masika ikishuka kutoka Meru. Ndiyo maana nawapongeza mafundi umeme wa magari wa eneo la Themi.

Kinachonivutia ni kwamba fundi mzuri hakimbilii kukuuzia spea. Kwanza anasikiliza. Kioo kikinyamaza kabisa, anaanza na fyuzi, halafu swichi ya upande wa dereva, maana ndiyo inayobonyezwa kuliko zote. Mota ikinguruma na kioo kisisogee, anajua waya wa kuvutia umekatika au meno yamelika. Hufungua kava la mlango bila kuvunja vibanio, hukibana kioo kwa utepe kisidondoke, kisha, kama mota ilikuwa kimya, hugusisha nyaya zake moja kwa moja kwenye betri. Ikizunguka, hugeuza chanya na hasi, nayo lazima izunguke kinyume. Ikifanya hivyo, mota haina kosa.

Mara nyingine tatizo ni vumbi tu. Udongo wetu wa majivu ya volkano hujaa kwenye mpira wa reli, kioo kikawa kizito na mota ikachoka. Hapo brashi, kitambaa na silikoni ya kupuliza vinatosha, na fundi mwaminifu atakwambia hivyo. Mashine ya kupandishia kioo ikiwa imekufa kweli, atakutafutia ya mtumba ya modeli ileile na upande uleule, kwa kuwa ya kulia haikai kushoto.

Hongereni sana mafundi, pamoja na vijana wanaojifunza kwenu huku wakiwashikia tochi.