Nani Alimlea Kirangozi?

Filamu ya Pick of the Litter, iliyotoka Marekani mwaka 2018, inawafuata watoto watano wa mbwa waliozaliwa tumbo moja. Wote wamepewa majina yanayoanza na herufi P: Patriot, Potomac, Primrose, Poppet na Phil. Waongozaji wa filamu, Dana Nachman na Don Hardy, wanaanza nao wakiwa wachanga na kuishia siku inapoamuliwa yupi anafaa kumwongoza mtu asiyeona na yupi aende kuwa mbwa wa kawaida wa nyumbani. Shirika lenye mbwa hao, Guide Dogs for the Blind la California, lilianza kazi hiyo mwaka 1942.

Nimeitazama filamu hii zaidi ya mara moja hapa Tabora, na kila mara nimekuwa na kitabu kingine pembeni: Through the Dark Continent cha Henry Morton Stanley, kilichochapishwa mwaka 1878. Stanley naye alitoka Uingereza mwaka 1874 akiwa na mbwa watano: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Watano kwa watano. Wale wa filamu wanalelewa kwa ajili ya njia watakayopita. Wa Stanley waliletwa wakubwa, wakatiwa katika njia ambayo hakuna aliyewaandaa kwayo, na hakuna hata mmoja aliyefika Ujiji. Kwa kuvisoma pamoja nimepata swali ambalo sasa nakiuliza kila kisa cha mnyama msaidizi: nani alimlea, na mlezi huyo yuko wapi ndani ya kisa?

Nianze na sifa za filamu, maana anastahili sifa mtu anayetumia muda wake kuonyesha kazi isiyo na kishindo. Mtoto wa mbwa huchukuliwa na mlezi wa kujitolea akiwa na umri wa majuma kama manane. Kwa mwaka mmoja na zaidi hafundishwi kuongoza hata kidogo. Anafundishwa kukaa, kusubiri, kujisaidia mahali panapofaa, kutookota chakula chini. Anapelekwa dukani, kwenye basi, kwenye ngazi, kwenye kelele za magari, mpaka vitu hivyo vyote viwe vya kawaida kwake. Wahenga wetu wangesema samaki mkunje angali mbichi, lakini hapa mkunjo wenyewe ni wa polepole sana, na mwingi wake ni mchezo. Baada ya hapo mlezi anamrudisha shirikani. Ndipo wakufunzi wanamvika mkanda wa kazi wenye mpini mgumu na kumfundisha kuongoza. Somo gumu kuliko yote huja karibu na mwisho: mbwa aliyefundishwa kutii anafundishwa kutotii. Mwenyewe akisema twende na gari linakuja, mbwa hana budi kugoma.

Filamu inaonyesha haya vizuri, na inaonyesha pia gharama yake. Mlezi anajua tangu siku ya kwanza kwamba anamlea mnyama ili amtoe. Kamera inatulia kwenye nyuso za walezi siku ya kurudisha, na hakuna anayehitaji kutueleza kinachotokea.

Kasoro yake ni kwamba imejengwa kama mashindano. Nani atapita, nani ataondolewa? Tunashangilia kama tuko uwanjani. Watu wasioona wanaosubiri mbwa hao wanapata muda mfupi, kama vile wao ni kombe la kukabidhiwa mwishoni. Hata hivyo filamu imefanya jambo ambalo vitabu vingi vya aina hii havijalifanya: imemweka mlezi katikati ya kisa.

Linganisha na First Lady of the Seeing Eye, kumbukumbu za Morris Frank zilizotoka mwaka 1957. Frank alikuwa kijana wa Nashville asiyeona. Mwaka 1928 alikwenda Uswisi, kwenye kituo cha Dorothy Harrison Eustis, akarudi Marekani na mbwa jike aliyemwita Buddy. Mbwa huyo alikuwa na jina lingine kabla ya hapo, Kiss, na Frank akalibadilisha. Ni jambo dogo, na ni haki ya mwenye mbwa. Lakini mimi nalisoma kama alama ya utanzu mzima: kisa kinaanza siku mtu asiyeona anapokutana na mbwa wake, na maisha ya mbwa kabla ya siku hiyo yanafutika pamoja na jina lake la kwanza. Walioamka usiku kumtuliza akiwa mdogo, waliomzoesha kamba shingoni, hatuwajui.

Sasa turudi kwenye njia ya misafara. Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo Novemba 1874. Bull alikuwa wa mwisho kufa kati ya wale mbwa watano, mwaka 1876, msafara ukiwa unashuka kutoka Karagwe kupitia magharibi mwa Unyamwezi kuelekea Ujiji. Kwa hesabu ya Stanley alikuwa ametembea maili zipatazo 1,500, yaani kama kilomita 2,400. Ukurasa wa kifo chake umeandikwa kwa huruma ya kweli. Msomaji asiyeguswa nao ana moyo mgumu. Watu wengi husema kwamba wasafiri wa Kizungu waliwataja mbwa wao kwa majina na kuwasahau wapagazi. Kwa kitabu hiki shutuma hiyo si sahihi kabisa. Stanley aliweka mwishoni orodha ya watu wa msafara wake waliokufa, pamoja na majina yao. Tofauti ni ya umbo. Mbwa amepata simulizi, mpagazi amepata mstari katika orodha. Mbwa ana macho, ana uchovu, ana hatua ya mwisho. Mpagazi ana jina na namna alivyokufa.

Na hata Bull, pamoja na simulizi yake, hana utoto. Stanley anamsifu kwa uvumilivu, kana kwamba uvumilivu ni kitu mbwa alichozaliwa nacho. Lakini ukisoma kwa makini unaona mnyama ambaye hakuna aliyemwandaa kwa jua hili, kwa maji haya, kwa mwendo huu. Kilichoitwa ushujaa ni matokeo ya kukosa malezi. Nadhani hapa ndipo kisa cha mnyama shujaa kinapotudanganya zaidi: kinatufundisha kushangilia mateso ambayo maandalizi yangeyaepusha.

Njia hiyohiyo ilikuwa na kiongozi aliyeandaliwa, naye anaitwa kirangozi. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya msafara akiwa na bendera. Richard Burton, aliyefika Tabora, wakati ule Kazeh, Novemba 1857, anamweleza akiwa amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega. Lakini Burton anaeleza pia jambo ambalo wasomaji wengi huliruka: wavulana wa Kinyamwezi walizoezwa kubeba tangu wadogo, wakitembea na vipembe vidogo vya ndovu mabegani. Yaani ule uzoefu wa njia, wa visima, wa mahali pa kulala na wa wakati wa kusimama, ulikuwa na utoto wake. Mji wetu ulijengwa na watu waliolelewa kuongoza. Neno kirangozi na neno kuongoza ni ndugu, na sidhani kuna mji Tanzania wenye haki zaidi ya kuuliza kiongozi hutengenezwaje.

Njia ya misafara ina jibu lingine, la siku zetu. Morogoro, ambako misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita, shirika la APOPO linafuga na kufundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wakufunzi huanza na panya wakiwa na umri wa majuma machache, macho yakiwa yamefumbuka juzi tu. Wanawashika, wanawazoesha sauti za watu na harufu za dunia. Kisha huja somo la mlio: panya akisikia mlio mfupi wa kibofyo anajua kwamba ndizi au karanga inafuata. Baada ya miezi kadhaa anaweza kunusa baruti ardhini, au kifua kikuu katika makohozi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022. Dunia nzima iliona picha yake akiwa na nishani shingoni. Habari nilizozisoma wakati ule zilieleza mabomu aliyoyapata, uzito wake na kustaafu kwake. Mkono uliomshika wa kwanza pale Morogoro haukuwa na sura wala jina. Ni Bull tena, ila safari hii mlezi ni Mtanzania na yupo umbali wa safari ya basi.

Mbwa wa kuongoza wasioona hapa Tabora sijawahi kumwona. Sababu zinaeleweka. Chanjo ya kichaa cha mbwa, chakula, na gharama ya mafunzo ni mzigo. Mitaani kuna mbwa koko, bodaboda na mitaro isiyofunikwa. Kisha kuna dini. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa hapa, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi, na mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulimtengea mbwa wa kijana asiyeona mahali pa kupumzika karibu na mlango wakati mwenyewe akiswali. Kwa hiyo mlango wa dini haujafungwa kama tunavyodhani. Hata hivyo simwombei kila asiyeona wa Tabora mbwa. Fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kuitumia vingefika mbali zaidi kwa fedha ileile.

Ninachokiona Tabora mahali pa mbwa ni mtoto. Anashika ncha moja ya fimbo, mtu mzima asiyeona anashika ncha ya pili, na wanapita chini ya miembe kuelekea sokoni. Naijua kazi hiyo mikononi mwangu. Bibi yangu wa Isevya alipofushwa na vikope, naye alikuwa akiuza karanga. Kuanzia umri wa miaka minane nilimpeleka sokoni baada ya masomo, zahanati, misibani. Nilijifunza kusema "mtaro" hatua tatu kabla, si moja. Nilijifunza kwamba nikigeuza kichwa kutazama mpira, fimbo inamwambia. Nilijifunza hata kugoma, bibi akisisitiza tuvuke na mimi nimeona lori. Hakuna aliyenifundisha somo hilo, lori lilinifundisha.

Lakini mimi nilipata fimbo hiyo jioni tu. Kabla yangu ilishikwa na dada yangu asubuhi na jioni, naye aliishia darasa la nne. Mimi nilimaliza shule kwa sababu yeye aliacha. Ndiyo maana, nikitazama watoto wa mbwa wa California wakipewa mwaka mzima wa kucheza na kuzoea dunia kabla ya kuvikwa mkanda wa kazi, sichekeshwi na wala sikasiriki. Nahesabu tu. Mtoto wa mbwa ana mlezi, ana ratiba, ana siku ya mtihani, na ana ruhusa ya kushindwa bila aibu. Asiyefaa anaondolewa kazini na kupewa nyumba. Mtoto wa fimbo hana hata kimoja kati ya hivyo.

Katika maandishi yetu mtoto huyu anatokea kama sehemu ya picha. Taarifa ya kukabidhi fimbo nyeupe kila Oktoba 15 inamtaja mfadhili, inamtaja mgeni rasmi, inamtaja mpokeaji. Mtoto yumo pembeni, mkono wake ukiwa bado kwenye fimbo ya zamani. Katika hadithi fupi ninazopelekewa na wanafunzi wa mji huu, kipofu ni mwenye hekima au ombaomba, na anayemwongoza ni miguu miwili isiyo na mawazo. Tumemfanyia mtoto huyu vilevile Frank alivyomfanyia Kiss: kisa kinaanza anapokuwa na faida kwa mwingine.

Mtu akisema kwamba kumlinganisha mtoto na mbwa ni kumdhalilisha, nitamwomba arudi kwenye ulinganisho na aone nani aliyepewa zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na utanzu huu wa wanyama wasaidizi, pamoja na machozi yake ya bei rahisi, umetuachia kipimo kizuri: kabla ya kumsifu anayeongoza, onyesha mwaka wake wa kwanza na mtu aliyeutoa.

Kwa hiyo nina kazi ya kuwapa waandishi vijana, na haihitaji maktaba kubwa. Nendeni Morogoro mkamwulize mkufunzi jinsi anavyomjua panya atakayefaa akiwa bado mdogo wa kutoshea kiganjani. Nendeni Shule ya Msingi Furaha hapa Tabora, wanakosoma watoto wasioona, mkaulize nani aliwaleta siku ya kwanza na nani alirudi nyumbani peke yake. Kisha watafuteni watu wazima waliowahi kushika ncha ya mbele. Wapo Cheyo, wapo Ng'ambo, wengine sasa ni mama na bibi, na wanakumbuka kila mtaro. Andikeni majina yao kwanza, kama Stanley alivyoandika yale ya wafu wake, ila msiishie kwenye orodha.