Tembo Asiyetisha: Ufundi wa Tingatinga na Wanyama wa Serengeti

Onyesho la pamoja la sanaa, yaani lile ambamo kazi za wachoraji wengi hutundikwa mahali pamoja bila yeyote kutengewa ukumbi wake, linaweza kumpa mtazamaji ahueni ya shida za kila siku, lakini ahueni hiyo hutengenezwa kwa hatua ambazo mchambuzi anaweza kuzifuatilia moja baada ya nyingine. Mfano ulio wazi nchini Tanzania ni kituo cha wachoraji wa Tingatinga kilichopo Oysterbay, Dar es Salaam, ambako kuta zimejaa tembo, twiga, chui na nyumbu, wanyama ambao wakazi wa Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanawafahamu kwa sura nyingine kabisa. Uchangamfu wa picha hizo mara nyingi huhesabiwa kuwa unyofu wa watu wasiosomea sanaa, ilhali ukichunguzwa kwa karibu huonekana umetokana na vifaa vyao, mpangilio wa picha na desturi ya kufanya kazi kikundi.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo unaoitwa kwa jina lake, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kuanza kuchora mwaka 1968, alitumia vilivyokuwa vikipatikana madukani: bodi ngumu za kupigia dari na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Bodi nzima ya futi 4 kwa 8, ikikatwa futi 2 kila upande, hutoa vipande 8 vya mraba bila kubakiza kitu, na umbo hilo la mraba ndilo lililozaa sehemu kubwa ya mzaha wa picha hizo. Kwa kuwa mraba hauna upande mrefu wa kutandazia mbuga, mnyama mmoja huachwa aujaze wote, hivyo shingo ya twiga hulazimika kupinda ili iingie, mkia wa chui huinuliwa kuziba pengo la juu, na ndege hupachikwa katika kona iliyosalia.

Rangi nayo ilikuwa na masharti yake. Rangi ya mafuta haikauki upesi, na ikishakauka haichanganyiki tena na ile inayopakwa juu yake, kwa hiyo mchoraji hufanya kazi kwa matabaka: kwanza hupaka usuli, yaani eneo la nyuma ya mnyama, kwa rangi moja au kwa rangi mbili zinazofifia kuelekeana kabla hazijakauka, kisha huchora umbo la mnyama, mwishoni hurudi na brashi nyembamba kuweka madoa, mistari na macho. Matokeo yake ni kingo kali na rangi zilizokolea, bila kivuli na bila umbali, na mnyama asiye na kivuli huonekana kama hana uzito.

Hapo ndipo tofauti na maisha ya Mara inapodhihirika. Katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinavyopakana na hifadhi za wanyamapori, tembo ni mnyama anayeweza kumaliza shamba la mahindi usiku mmoja, kiasi kwamba wakulima hukesha wakipiga madebe na kumulika tochi, na serikali ina utaratibu wa kulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Nyumbu nao, wanapovuka Mto Mara karibu na Kogatende kuanzia Julai hivi, baadhi huliwa na mamba na wengine huzama. Mchoraji wa Tingatinga huondoa mambo matatu kutoka katika hali hiyo: ukubwa, kwa kuwa tembo anaweza kulingana na ndege, hatari, kwa kuwa simba na swala husimama bega kwa bega, na wakati, kwa kuwa hakuna kitu kilichotangulia wala kitakachofuata. Mtazamaji hupumzika kwa sababu picha haimdai achukue hatua yoyote.

Kazi ya kikundi iliyakamilisha hayo. Tingatinga alipouawa mwaka 1972, wanafunzi wake, wengi wao wakiwa ndugu na watu wa kwao, waliendelea na kazi, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaanzishwa rasmi. Mwanafunzi huanza kwa kupaka usuli na kujaza madoa kabla ya kubuni picha yake, na mada huhesabiwa kuwa mali ya wote, ndiyo maana tembo kumi wa wachoraji kumi, wakitundikwa pamoja, humfanya mtazamaji atafute nani amepinda mkonga na nani ameongeza jicho. Utaratibu huohuo una gharama yake, kwani soko la watalii hulipia kinachojulikana, na marudio yaliyokuwa mchezo yanaweza kugeuka kunakili kusiko na fikra.

Kwa yeyote anayekusudia kuandaa onyesho la namna hiyo Tarime au Mugumu, wilayani Serengeti, cha kuiga ni utaratibu wenyewe: kifaa cha bei nafuu, kipimo kimoja kwa wote, sharti moja la pamoja na kuta zilizojazwa bila kubagua. Mada zipo tele, kuanzia ng'ombe wa Wakurya na iritungu, ala yao kubwa ya muziki yenye nyuzi nane, hadi huyo tembo wa shambani, ambaye kupitia kwake mchoraji wa Mara angeweza kumchekesha mtu kwa ujuzi ambao mwenzake wa Oysterbay hakuwahi kuulipia kwa mahindi yake.