Kishikwambi cha Sensa na Vijiji 170 vya Tanga

Mwalimu wa Mazinde, mkoani Tanga, anayemalizia shahada ya uzamili Chuo Kikuu Huria ana vitu viwili mkononi. Cha kwanza ni moduli inayomtaka aeleze nadharia za teknolojia ya elimu. Cha pili ni kishikwambi kilichohesabu watu kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa kwa walimu. Moduli haimwonyeshi programu ya kufundishia inavyoundwa, na kishikwambi mara nyingi huishia kwenye WhatsApp na kujaza matokeo. Mwalimu huyo ningemshauri aache kutafuta mifano ya mbali, maana mkoa wake mwenyewe umewahi kuwa maabara.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15. Washindani walitakiwa kuunda programu ya kumwezesha mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, katika muda wa miezi 15. Timu tano zilifika fainali. Kuanzia mwishoni mwa 2017 kazi zao ziliwekwa kwenye vishikwambi vya Pixel C vilivyotolewa na Google, zikapelekwa kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali. Mei 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana dola milioni 10. Sharti moja lilipita bila kelele: programu zote tano za fainali ziachwe wazi, ili yeyote azichukue, azifungue, azibadilishe.

Kwa mwanafunzi wa uzamili, sharti hilo lina thamani kuliko hundi. Ukifungua programu ya namna hii unakutana na maamuzi ya ufundishaji yaliyogandishwa kwenye msimbo. Mtoto hajui kusoma, kwa hiyo maagizo hayawezi kuandikwa. Yanasemwa kwa sauti, au kitendo kinaonyeshwa kwenye skrini naye akiige. Hakuna mwalimu wa kuuliza “mmeelewa?”, kwa hiyo programu lazima ikisie kutokana na makosa na muda wa kujibu kama impandishe mtoto ngazi au imrudishe.

Palipo na utamu zaidi ni kwenye silabi. Ba, be, bi, bo, bu inaonekana kazi ya mchana mmoja kwa mtayarishaji wa programu, kwa kuwa Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mpe sasa kanuni ya kugawa maneno yanayoanza na mb. Mbuzi ni mbu-zi, lakini mbwa ni m-bwa. Mbaya je? Kwenye “nyumba mbaya” ni mba-ya, kwenye “mtu mbaya” ni m-ba-ya. Herufi ni zilezile, mgawanyo unategemea ngeli ya nomino iliyotangulia, na mashine inayotazama neno mojamoja haina pa kulijua hilo. Ama mtu aketi agawe orodha ya maneno kwa mkono, ama somo liyakwepe maneno hayo. Mwalimu wa darasa la kwanza hulimaliza jambo hili kwa kupiga makofi, wala hajui kwamba ametatua tatizo la uhandisi.

RoboTutor, mojawapo ya zile tano, ilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon chini ya Jack Mostow, ambaye tangu miaka ya 1990 alikuwa akiunda programu zinazosikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Wanafunzi wa chuo hicho walishiriki kuijenga, kwa hiyo kuna watu waliojifunza teknolojia ya darasani Pittsburgh kwa ajili ya watoto wa Tanga. Usikilizaji wa aina hii hauhitaji mashine ielewe Kiswahili chote. Sentensi inajulikana tayari, na kazi iliyobaki ni kulinganisha sauti iliyotarajiwa na iliyosikika. Ugumu uko kwenye ukali wa mizani. Mtoto aliyekulia kwenye Kishambaa au Kizigua akiona “thelathini” akatamka “selasini”, amesoma. Mizani ikiwa kali, atakosolewa lafudhi. Ikilegezwa mno, aliyesoma “alikula” mahali pa “anakula” naye atapita, ilhali huyo ndiye aliyekosea kweli.

Takwimu nazo zisomwe kwa utulivu. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Kwa watoto ambao asilimia 74 yao walieleza hawajawahi kuhudhuria shule, hayo si mafanikio ya kubezwa. Lakini kipimo ni neno moja, na nusu nyingine walibaki hawawezi hata hilo. Wanaouza vishikwambi hupenda kukomea kwenye kupungua huko kwa nusu.

Darasani Mazinde mambo yanageuka. Kwenye jaribio kila mtoto alikuwa na kifaa chake, na kijijini kulikuwa na kituo cha kuchajia kwa jua, bila mwalimu. Hapa mwalimu yupo, mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) upo mtaalani tangu 2015, watoto wamejaa tangu elimu bila malipo ianze 2016, na kifaa ni kimoja. Kuchukua programu iliyobuniwa kuziba nafasi ya mwalimu na kuiwasha mbele ya darasa zima ni kupoteza kipindi.

Mimi ningetumia kifaa hicho kimoja kama sikio. Wakati wengine wanaandika, mtoto mmoja anakaa pembeni, anasoma aya fupi kwa dakika moja, sauti inarekodiwa bila intaneti. Mwezi ujao anarudia. Ndani ya muhula mwalimu ana data za tasnifu zinazotoka kwenye darasa lake, na anaweza kuzipitisha kwenye msimbo wa RoboTutor ulioachwa wazi aone mashine na yeye wanatofautiana wapi juu ya “selasini”. Barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala na idhini ya wazazi aanze kuzishughulikia mapema, maana hizo huchelewa kuliko programu yoyote.