Ghasia Haina Kidole cha Kufyatulia Risasi

Hebu soma sentensi hii: "Vijana kadhaa walifariki baada ya ghasia kuzuka." Nimeitunga mwenyewe, lakini nani hajasoma mfano wake kuhusu Juni 25, 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni na polisi wakawafyatulia risasi?

Sarufi hapa si mapambo. "Aliuawa" huacha mlango wazi. Msomaji atauliza, na nani? "Alifariki" huufunga. Ni kitenzi cha mgonjwa kitandani, si cha kijana aliyepigwa risasi barabarani. Nayo "ghasia kuzuka" huifanya fujo kuwa kama upepo, eti haina mwenyewe.

Mtaniuliza, na waliochoma sehemu ya Bunge je? Nao tuwataje: walichoma. Ila tusiwaite maelfu "wahuni" kwa kosa la wachache. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha. Sisi tuliokuwa vijana siku ya Saba Saba, Julai 7, 1990, polisi walipowatawanya waliofika Kamukunji kudai vyama vingi, tunaijua thamani ya haki hiyo.

Mahakama haiwezi kuihukumu ghasia. Humhukumu mtu. Mwandishi anayemficha mtenda katika sentensi yake humwonyesha njia ya kukwepa kizimba. Ndugu wanahabari, andikeni nani alimfanya nani nini. Mama aliyemzika mwanawe anastahili angalau sentensi kamili.