“Utafiti Umebaini”: Chokoleti, Watu 15 na Swali Ambalo Karibu Hakuna Aliyeuliza

Mwaka 2015 gazeti la Bild la Ujerumani liliwapa wasomaji wake habari tamu: ukila chokoleti huku ukipunguza vyakula vya wanga, uzito unashuka haraka zaidi. Habari ikavuka mipaka, ikachapishwa nchi kadhaa. Mtafiti alikuwepo, Johannes Bohannon, mwenye PhD. Taasisi ilikuwepo, Institute of Diet and Health, na tovuti yake. Makala ilikuwepo kwenye jarida, International Archives of Medicine. Mei mwaka huohuo mtafiti akajianika mwenyewe: jina lake ni John Bohannon, ni mwandishi wa habari za sayansi, taasisi yake ni tovuti tupu, na mpango mzima ulisukwa pamoja na watengeneza filamu wa Kijerumani waliotaka kuonyesha jinsi habari za lishe zinavyopikwa.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha waandishi wavivu. Mimi naona kimebeba zaidi ya hapo, na pia kina kasoro zake ambazo wasimuliaji huzipita kimyakimya.

Kwanza, jaribio lilifanyika kweli. Walitafutwa watu 16 mjini Frankfurt, mmoja akajitoa, wakabaki 15 kwenye makundi matatu: wa wanga kidogo, wa wanga kidogo pamoja na gramu 42 hivi za chokoleti kila siku, na walioendelea kula kama kawaida. Wiki tatu tu. Namba hazikughushiwa. Kundi la chokoleti lilipungua kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 10. Sasa uongo uko wapi?

Uko kwenye hesabu. Walipima vitu 18: uzito, kolesteroli, sodiamu, protini kwenye damu, usingizi, namna mtu anavyojisikia, na kuendelea. Kwa kawaida mtafiti husema “nimepata kitu” pale ambapo bahati peke yake ingeleta matokeo ya aina hiyo chini ya mara 5 katika 100. Chukua gunia lenye maharage 100, matano yakiwa meusi. Ingiza mkono bila kutazama, toa moja, lirudishe, rudia mara 18. Uwezekano wa kutoa jeusi walau mara moja ni kama asilimia 60. (Nachukulia kwamba vipimo havitegemeani. Kiuhalisia vinategemeana kidogo, ila picha ndiyo hiyo.) Ikitokea uzito, unaandika kuhusu uzito. Ingetokea kolesteroli, leo tungekuwa tunasimulia chokoleti ya kolesteroli. Na kundi lenye watu kama watano, uzito wenyewe ukipanda na kushuka hata kilo moja kwa siku kwa sababu ya maji tu, lingeweza kukupa chochote.

Turudi kwenye ile orodha tunayofundishwa vyuoni ya kukagua habari: Mwandishi anajulikana? Ana elimu gani? Imechapishwa wapi? Lini? Tovuti inaonekana ya maana? Pitisha habari ya chokoleti hapo, inapata alama karibu zote. Hata PhD ni ya kweli, ila ni ya biolojia ya bakteria. Ugomvi wangu na orodha hii ni kwamba inamwomba mtuhumiwa ajitolee ushahidi mwenyewe. Sifa zote hizo zinanunulika. Jarida lenyewe lilidai euro 600, na makala ikatoka. Tena Bohannon huyuhuyu alishachapisha kwenye Science mwaka 2013 kwamba alituma makala mbovu za makusudi kwa majarida 304, na 157 yakazikubali.

Ungetoka nje ya ukurasa huo kwa dakika mbili, ukatafuta wengine wanasema nini kuhusu taasisi hiyo na mtafiti huyo, ungekuta ukimya. Taasisi ya utafiti isiyotajwa na mtu yeyote duniani! Halafu lilikuwepo swali la pili, ambalo kwa maelezo ya Bohannon karibu hakuna mwandishi aliyemuuliza: mlipima watu wangapi?

Mama yangu mdogo ana kisukari. Kila wiki ananitumia ujumbe unaoanza na “Utafiti umebaini”, juzi ulikuwa wa mdalasini. Sikumwambia ni uongo, maana kusema kweli mdalasini umefanyiwa utafiti. Nilimuuliza: watu wangapi, kwa muda gani, na je, waliendelea na dawa zao? Ujumbe haukuwa na hata jibu moja. Akasema, “Basi mwanangu, nitamuuliza daktari kliniki Jumatano.” Hapo chokoleti inaacha kuwa kichekesho, kwa sababu mlango ulioipitisha ndio unaopitisha na “acha vidonge, chemsha majani haya”.

Lakini Bohannon naye asiachwe hivihivi. Kichwa cha makala yake ya kujianika kilidai amewadanganya mamilioni. Mamilioni wapi? Gazeti kuuzwa nakala nyingi si sawa na wasomaji wote kuamini. Wengi husoma, wakacheka, wakageuza ukurasa. Hakupima nani aliamini. Yaani mtu anayetufundisha kudai ushahidi alichukua namba kubwa ipendezayo akaibandika juu ya makala. Naye mwenyewe anakiri kwamba wapo wasomaji wa kawaida waliohoji vizuri kuliko waandishi, mmoja wao akiwa kwenye jukwaa la wajenga misuli, akitaka kujua kwa nini kalori hazikuhesabiwa. Huyo hakuhitaji shahada.

Na wale 15 wa Frankfurt? Kwenye masimulizi mengi wanatajwa kama tarakimu. Walilipwa euro 150 kila mmoja, wakatolewa damu, wakajipima uzito kila siku kwa wiki tatu, na kwa kadiri walivyoelezwa wakati huo, walikuwa wanashiriki kwenye filamu kuhusu lishe ya kupunguza uzito.